Kutoka kapu la vichezeo hadi ukutani: mwongozo kamili wa kutengeneza sanaa kwa midoli ya utotoni

Nina farasi mdogo wa plastiki asiye na ncha ya sikio la kushoto. Ncha hiyo niliing'ata mimi, nikiwa na miaka mitano hivi, siku nilipogombana na dada yangu kuhusu nani alale na farasi. Ukimgeuza kwenye mwanga unaona vishimo viwili vya meno, kimoja kirefu kuliko kingine. Nilipoanza kutengeneza sanaa kwa vichezeo vyangu, nilianza na yeye. Nililijaza sikio puti, nikapiga msasa mpaka likawa laini, nikampaka rangi ya dhahabu na kumsimamisha juu ya kibao. Alipendeza. Dada yangu alipokuja kunitembelea alimpita tu, hakumtambua. Nilitumia karibu wiki nzima kuichokonoa ile puti kwa sindano, na mpaka leo chembe za dhahabu zimebaki ndani ya vishimo vya meno.

Tangu hapo nafuata kanuni moja, na mwongozo huu umesimama juu yake: usifute alama za matumizi. Rangi iliyochujuka mahali kidole gumba kilipokuwa kikishika, gurudumu lililopotea, jina lililoandikwa tumboni kwa kalamu ya wino, hayo yote yaliongezwa na mtoto baada ya kiwanda kumaliza kazi yake. Kiwanda kilitoa maelfu ya farasi kama yule wangu. Aliyeng'atwa sikio ni mmoja.

Nitaeleza jinsi ya kutengeneza sanduku la ukutani lenye kioo mbele, ndani yake vichezeo vyako vikiwa pamoja na picha, michoro na vipande vya katuni au filamu ulizokua nazo. Kwa anayeanza nalipendekeza sanduku kuliko sanamu ya kusimama, kwa kuwa unaweza kupanga na kupangua mara nyingi kabla ya kutia gundi.

Hatua ya 1: Chagua kwa kumbukumbu

Mwaga vichezeo vyote sakafuni. Shika kimoja kimoja, na kwa kila kimoja andika sentensi moja ya jambo lililotokea. "Gari hili lilizama kwenye pipa la maji nikalia mpaka usiku" ni sentensi nzuri. "Nililipenda sana gari hili" haitoshi, maana hata mtu ambaye hajawahi kuligusa anaweza kuiandika. Visivyopata sentensi virudishe kapuni, lakini usivitupe. Magurudumu, mikono na skrubu zake vitakufaa baadaye.

Baki na vichezeo vitatu hadi saba. Ukizidisha hapo, mtazamaji ataona wingi tu, hatajua atazame wapi.

Na kama vichezeo vyako vilishapotea, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta vya mtumba vinavyofanana navyo. Hivyo vitakuja na alama za mtoto mwingine, nazo ziache zilivyo. Ya pili, ambayo ndiyo naipenda zaidi, ni kukifinyanga kichezeo upya kwa kumbukumbu, bila kutazama picha yoyote. Chana karatasi laini vipande vidogo, ziloweke usiku kucha, ziponde, zikamue maji, kisha zikande na gundi nyeupe ya mbao mpaka zishikamane kama udongo wa mfinyanzi. Finyanga juu ya kiunzi cha waya, uache zikauke polepole siku kadhaa kwenye hewa, mbali na jua kali ili zisipasuke. Utakosea. Kichwa kitazidi ukubwa, miguu itakuwa mifupi, macho yatakuwa makubwa mno. Usirekebishe. Mkono wako umekumbuka kile mtoto alichokuwa akikitazama zaidi, na hakuna picha ya kichezeo kile itakayokuonyesha jambo hilo.

Hatua ya 2: Piga picha, omba ruhusa

Kabla hujakata chochote, kipige picha kila kichezeo pande zote. Kisha waulize ndugu zako. Mdoli unaoudhani ni wako huenda dada au kaka yako anaukumbuka kuwa wake, na ukishaupasua hauwezi kurudi. Akikataa, tumia picha yake iliyochapwa.

Hatua ya 3: Ijue plastiki yako

Hapa ndipo wengi wanapopoteza kazi nzuri. Gundi inashika leo, baada ya miezi mitatu mkono wa mdoli umelala chini ya sanduku. Tatizo huwa ni plastiki, wala si gundi.

Fanya jaribio la maji. Kata kipande kidogo kama punje ya mchele kutoka sehemu isiyoonekana, kitie kwenye bilauri ya maji yenye tone la sabuni, ukisukume chini na kukiachia. Kikielea, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni polietilini au polipropilini, na aina hizi hazipendi gundi wala rangi; zinahitaji kufungwa kwa waya au skrubu. Kikizama, huenda ni ABS, polistirini au PVC, na gundi itashika vizuri. Matofali ya Lego, kwa mfano, yanatengenezwa kwa ABS tangu 1963. Jaribu kwa kipande, usitumbukize kichezeo kizima, kwa kuwa chenye uwazi ndani huelea hata kama plastiki yake ni ya kuzama.

Wanasesere wenye ngozi laini inayobonyea mara nyingi ni wa PVC iliyolainishwa kwa kemikali. Kadiri miaka inavyokwenda kemikali hiyo hutoka nje, ndiyo maana mwanasesere wa zamani hunata mkononi kama aliyepakwa asali. Mwoshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, mkaushe, na ujue kwamba mnato unaweza kurudi. Usimpulizie rangi ya kopo, kwani inaweza kubaki inanata bila kukauka kabisa. Rangi ya akriliki ya maji inamfaa zaidi.

Jambo la usalama ambalo sitaki ulipite: vichezeo vya zamani vya bati na mbao vilivyopakwa rangi vinaweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi kwenye vichezeo mwaka 1978, lakini kichezeo chenye umri mkubwa kinaweza kuwa kimetoka popote. Usikipige msasa, usikikwangue, usikichome moto. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu, kiweke kama kilivyo nyuma ya kioo, kisha nawa mikono. Watoto wasikishike.

Vya betri vifungue. Ukikuta ungaunga mweupe ulioganda kwenye vyuma na betri ilikuwa ya alikali, vaa glavu, dondoshea siki kidogo kwa kijiti cha pamba, subiri povu litulie, futa na ukaushe. Betri usiirudishe.

Hatua ya 4: Osha bila kufuta historia

Mswaki wa zamani, sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu. Basi. Maji ya moto hupinda plastiki nyembamba, na asetoni, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kuondoa rangi ya kucha, huyeyusha ABS na polistirini mbele ya macho yako. Toa vumbi na mafuta kwa sababu gundi haishiki juu yake, lakini simama unapofika kwenye alama zenyewe. Wino wa jina lako hutoka kirahisi kwa spiriti, kwa hiyo spiriti isifike hapo.

Hatua ya 5: Panga kabla ya gundi

Chukua muda mrefu kwenye hatua hii kuliko nyingine zote. Mimi huiacha kazi imelala mezani bila gundi kwa wiki nzima, nikisogeza kitu kimoja kila asubuhi.

Waliotutangulia wametuachia njia tatu ambazo unaweza kuzitumia leo hii. Joseph Cornell, Mmarekani aliyejifunza sanaa mwenyewe bila kupita chuo cha sanaa, alitengeneza masanduku yenye kioo yaliyojaa vitu vidogo alivyookota na kununua. Katika sanduku lake la 1945–46 lenye picha za mwigizaji Lauren Bacall, mpira mdogo wa mbao huviringika kutoka juu na kupita ndani ya sanduku kama kwenye mashine ya michezo ya kutumbukiza sarafu. Nyota wa filamu na mchezo wa mtoto wamekaa ndani ya sanduku moja. Angalia alivyofanya: uso ni mmoja, vingine vyote vinauzunguka. Nawe mpe kichezeo kimoja nafasi ya mwenye nyumba.

Pablo Picasso alikwenda njia nyingine. Mwaka 1951 alitengeneza sanamu ya nyani na mtoto wake, na kichwa cha nyani ni magari mawili ya kuchezea ya mwanawe Claude yaliyounganishwa tumbo kwa tumbo. Baadaye sanamu ilimiminwa kwa shaba nyeusi. Ukiitazama unaona nyani, ukikaza macho unaona magari, na hakuna kimoja kinachomfukuza mwenzake. Vigeuze vichezeo vyako juu chini, uvitazame kwa nyuma na kwa ubavu. Jiulize kila kimoja kinafanana na nini zaidi ya kile kilichokusudiwa.

Mchongaji Louise Nevelson alikusanya vipande vya mbao vilivyotupwa na kuvipaka rangi moja tu, mara nyingi nyeusi. Rangi moja huviunganisha vitu visivyohusiana, lakini kwa vichezeo naitumia kwa tahadhari kubwa, kwa sababu inafunika zile alama tunazozitafuta. Nikiitumia, naipaka kwenye sanduku na vitu vya pembeni, kisha kichezeo kikuu nakiacha na rangi zake zilizochujuka.

Sasa katuni, filamu na gemu. Kosa la kawaida ni kuchapa picha ya mhusika kutoka intaneti na kuibandika nyuma. Inabaki picha ya watu wengine ndani ya sanduku lako. Jaribu hivi: weka saa dakika moja, umchore mhusika huyo bila kutazama popote. Muda ukiisha, tazama ulichokumbuka. Kwa kawaida kinabaki kitu kimoja au viwili, labda rangi ya joho na umbo la nywele, au masikio na viatu. Hivyo viwili vinatosha. Kata umbo hilo kwenye karatasi nyeusi, au shona joho hilo kwa kitambaa cha nguo yako ya zamani, na atakayeona atamtambua bila uso wake. Mimi shujaa wangu wa katuni nilimtengenezea joho kwa kipande cha shuka nililolalia utotoni, kwa sababu shuka hilo ndilo nililokuwa nikijifunga shingoni nikiruka kutoka kitandani.

Mkono wako uonekane. Andy Warhol alipoonyesha mikebe yake 32 ya supu mwaka 1962, mmoja kwa kila ladha, alikuwa ameipaka kwa mkono, ingawa kwa mbali ilionekana kama imetoka mashineni. Kingo inayoyumba kidogo na rangi iliyovuka mstari huonyesha kwamba kuna mtu aliyekaa na kitu hicho kwa saa nyingi.

Hatua ya 6: Sanduku

Kwa vichezeo vitano vya ukubwa wa kiganja, sanduku la sentimita 40 kwa 30 lenye kina cha sentimita 10 linatosha. Mbao za pembeni ziwe na unene wa milimita 12 hivi, mgongo uwe wa plaiwudi ya milimita 6. Pima kina kwa kichezeo kinene kuliko vyote, kisha ongeza sentimita 2 ili kisibane kwenye kioo. Paka ndani rangi unayoitaka na uache ikauke kabisa kabla ya kuendelea. Droo ya zamani inafanya kazi hii vizuri sana, tena huja na mikwaruzo yake.

Hatua ya 7: Kata, toboa, unganisha

Vaa miwani ya kinga kila unapokata au kutoboa. Ukisugua plastiki, vaa barakoa na usugue kwa msasa uliolowa maji ili vumbi lisiruke. Usikate PVC kwa kisu cha moto, maana hutoa hewa inayochoma mapafu. Tumia msumeno wenye meno madogo, taratibu, huku ukipumzika, kwa kuwa kasi hupasha plastiki joto na kuiyeyusha.

Kwenye kila kiungo kitakachobeba uzito usitegemee gundi peke yake. Tia kipande cha waya ndani, hivi:

1. Weka tone dogo la rangi mbichi kwenye kipande kimoja, kigusishe na mwenzake, kisha uvitenganishe. Sasa vyote viwili vina alama mahali palepale.
2. Toboa kila alama kwa tundu la milimita 2 na kina cha sentimita 1, kwa keekee ndogo ya mkono.
3. Kata waya mgumu wa sentimita 2 kasoro kidogo, uukwaruze kwa msasa ili gundi ipate pa kushika.
4. Kwaruza pia nyuso zitakazogusana. Hapa msasa unaruhusiwa, kwa sababu hapataonekana.
5. Changanya gundi ya epoksi, sehemu mbili kwa kipimo kilichoandikwa kwenye bomba, mara nyingi sawa kwa sawa. Kipimo kikikosewa inaweza isikauke hata ukisubiri mwezi.
6. Paka, ingiza waya, bana kwa mpira au utepe wa karatasi, na usiguse kwa saa 24. Hata ile inayoitwa ya dakika tano huganda tu katika dakika hizo; nguvu yake kamili huja baadaye.

Supaglu inafaa kwa vitu vidogo visivyo na uzito. Ina kasoro moja inayoumiza kwenye sanduku la kioo: mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye nyuso zilizo karibu. Niliwahi kufunga kioo jioni ileile, asubuhi nikakuta uso wa mwanasesere una utando kama wa mtu aliyepulizwa unga. Ukiitumia, tumia kidogo sana na uliache sanduku wazi siku mbili au tatu.

Vya plastiki inayoelea vifunge kwa waya mwembamba uliopita kwenye matundu mawili ya plaiwudi na kusokotwa kwa nyuma. Waya ukionekana kidogo hapana shida.

Hatua ya 8: Rangi na vitu vya kando

Rangi ipakwe kwenye vile ulivyoongeza wewe. Kichezeo chenyewe kikihitaji kuguswa, anza na praima ya plastiki, yaani rangi ya msingi inayosaidia nyingine ishike, kisha akriliki kwa tabaka nyembamba mbili au tatu badala ya moja nene. Kabla ya hapo funika alama zako kwa utepe wa karatasi: sikio lililong'atwa, jina, goti lililosagika. Ukiubandua utepe mwishoni, alama zinatokea zikiwa zimezungukwa na rangi mpya, na jicho huenda hapo moja kwa moja.

Zile sentensi ulizoandika kwenye hatua ya kwanza unaweza kuzitumia pia. Ziandike kwa mkono kwenye vikaratasi, uzikunje, uziweke chini ya kila kichezeo. Si lazima zisomeke.

Hatua ya 9: Wahusika wa watu na hakimiliki

Kazi ikibaki nyumbani kwako, huenda jambo hili lisikuhusu sana. Ukitaka kuiuza au kuionyesha hadharani, soma sheria ya nchi unakoishi, maana hazifanani. Nchini Marekani mipaka imechorwa zaidi na kesi za mahakamani, na mbili kati ya hizo zinafundisha mengi. Tom Forsythe alipiga picha za wanasesere wa Barbie wakiwa ndani ya vyombo vya jikoni kama mashine ya kusagia. Mattel, kampuni inayomtengeneza Barbie, ikamshtaki, na mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikaona kwamba matumizi yake yalikuwa ya haki, yaani yanaruhusiwa bila idhini ya mwenye hakimiliki, kwa kuwa yalimkosoa Barbie na kile anachowakilisha. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya taasisi ya Andy Warhol kuhusu picha ya mwanamuziki Prince iliyotokana na picha ya mpiga picha Lynn Goldsmith, kwa sababu ilitolewa kwa jarida kwa shughuli ileile ambayo picha ya awali ingeweza kufanya. Kwa hiyo jiulize: kazi yangu inasema jambo jipya kuhusu mhusika huyu, au inachukua nafasi yake sokoni?

Kutumia kichezeo chenyewe ulichonacho na kukitolea nakala kwa kalibu ya silikoni ni mambo mawili tofauti. Hilo la pili ni kunakili, na ndilo linalowaingiza watu matatizoni upesi. Muda nao una maana. Toleo la Mickey Mouse la filamu fupi ya 1928 liliingia katika mali ya umma Marekani tarehe 1 Januari 2024, lakini matoleo mengi ya baadaye bado yanalindwa, na alama za biashara zinaendelea kuwa na mwenyewe.

Hatua ya 10: Funga na utundike

Futa vumbi kwa brashi laini, safisha kioo pande zote mbili, tazama ndani kwa tochi kutoka ubavuni kama kuna unywele au tone la gundi. Kioo cha akriliki, yaani cha plastiki angavu, ni chepesi na hakivunjiki kirahisi, ila hukwaruzika. Kifute kwa kitambaa laini chenye unyevu. Kifunge kwa skrubu, usitumie gundi, ili siku kitu kikianguka uweze kufungua.

Nyuma ya sanduku bandika bahasha ya karatasi. Ndani weka zile picha za hatua ya pili, orodha ya gundi na rangi ulizotumia, na majina ya waliokuwa wakichezea vichezeo hivyo. Atakayekuja kuikarabati kazi hii atahitaji kujua gundi. Atakayeirithi atahitaji kujua majina. Kwenye bahasha ya farasi wangu kuna majina mawili, na la kwanza ni la dada yangu.

Tundika kwa vikulabu viwili vilivyoachana, kwani kimoja huliacha sanduku likapinda. Chagua ukuta usiopigwa na jua, maana mwanga wa jua hufanya plastiki nyeupe iwe njano na huchujua karatasi zilizochapwa. Weka katikati ya sanduku usawa wa macho ya mtu mzima. Kama nyumbani kuna watoto, teremsha mpaka usawa wa macho yao.